Sahani Iliyorudi Tupu

Mama yangu alikuwa na adabu nyingi kuliko akili, na nasema hivi nikiwa nampenda. Baba alipokuwa hai alimtania kwamba mwizi akiingia ndani, Saliha atamkaribisha kiti kwanza ndipo aite watu. Tulicheka sana enzi hizo. Nyumba yetu ya Nyakabiga, Bujumbura, ilikuwa nyumba ya watu wa kuchekacheka.

Mimi, bintiye niliyepewa jina la Sijaona, nilikuwa nimeolewa Uvira, ng'ambo ya mpaka, mwendo mfupi wa gari kupitia Gatumba. Lakini kila Idi nilirudi kwetu. Baba alikuwa ametuwekea sheria tangu tukiwa wadogo: usiku wa Idi, kila aliyezaliwa katika nyumba ile alale ndani yake. Uwe umeoa, umeolewa, umenuna, shauri lako, utalala. Baba alifariki, sheria ikabaki. Mtaa mzima uliijua, maana siku hiyo magodoro yote yalianikwa uani, na majirani walipita wakituuliza kama mwaka huu tutatoshea.

Idi ya mwaka 1995 mume wangu alinikataza kwenda. Aliniambia Bujumbura si ile niliyoizoea, siku hizi watu wanafukuzana mtaa kwa mtaa, na anayechelewa kuhama anahamishwa na wengine. Nikamjibu kwamba siendi Bujumbura, nakwenda kwetu. Ndivyo nilivyo, ukinikataza umenituma.

Teksi ilinishusha barabara kuu. Dereva alikataa kuingia mtaani hata nilipomsihi, nikatembea. Nyumba ya fundi cherehani haikuwa na milango wala madirisha; mtu alikuwa ameng'oa hata fremu. Iliyofuata nayo vivyo hivyo. Katika nyumba nyingine, ambamo tulikuwa tukienda kusikiliza redio, majani yalikuwa yameota sebuleni. Asubuhi ya Idi, na sikuona mtoto hata mmoja njiani mwenye nguo mpya. Nilianza kuogopa, na nikiogopa huwa nakasirika, basi nikakaza mwendo.

Kwenye kona vijana walikuwa wamekaa juu ya matairi. Mmoja wao nilimlea kwa mikono hii: Rénovat, mtoto wa Spès, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alipokuwa mdogo alikuwa akilia apate kulala kwetu usiku wa Idi, na kaka yangu Khaled alikuwa akimbeba mgongoni. Sasa aliniangalia kuanzia viatu hadi kichwani bila kuinuka.

"Leo ni ile siku munalalaka wote," alisema.

Hakuwa anauliza. Wenzake waligeuka kunitazama, na hakuna aliyesema Idi njema.

Nyumbani nilimkuta mama peke yake, sufuria ya pilau jikoni, magodoro juani kama kawaida. Khaled alikuwa karakanani, mtaa wa Buyenzi. Ni fundi wa magari kama baba, na kwa miezi kadhaa alikuwa akilala hukohuko, kwa sababu vijana wa kona walianza kusema anatengeneza gari za watu wa Kamenge, mtaa wa maadui zao. Ni kweli alizitengeneza. Gari bovu halina kabila, alikuwa akisema, na akicheka mwenyewe. Mama alinieleza kwamba atakuja jioni, kabla ya saa ya kutotembea iliyowekwa na askari, alale nyumbani usiku mmoja tu, kwa heshima ya baba. Nikamwambia mama yale maneno ya Rénovat. Akanijibu kwamba yule ni mtoto wa hapa, kala wali wetu tangu hana meno. Lisemwalo lipo, kama halipo laja, lakini huwezi kumwambia mama hivyo akiwa anakuna nazi.

Sasa niseme habari ya Spès. Yeye ni Mkristo, sisi Waislamu, na kati ya nyumba hizi mbili ilikuwa ikitembea sahani moja ya enameli, nyeupe, yenye ukingo wa buluu. Idi ilikwenda kwake na pilau, imefunikwa kitambaa alichokidarizi mama. Noeli ilirudi kwetu na ndizi na maharage, alivyovipika katika sufuria aliyotutengea sisi, isiyojua nguruwe. Sahani hairudi tupu; hilo kila mwanamke wa mtaa ule alilijua kabla ya kujua kusoma. Na haikupita mlango wa mbele. Nyuma ya majiko ya uani palikuwa na pengo ukutani, na wanawake hawa wawili walipitishiana hapo makaa, chumvi, sahani na umbeya wote wa Nyakabiga.

Noeli iliyopita sahani haikuja. Mama alimtetea Spès, akasema mwaka ule hakuna aliyekuwa na Noeli.

Baada ya adhuhuri geti la mbele liligongwa. Alikuwa Spès. Nilishangaa, maana sikumbuki kumwona akiingia kwetu kwa geti. Alikuwa amevaa kitenge cha kanisani na alisimama palepale nje, mahali ambapo kona nzima ilimwona. Mama alitoka mbio, mikono ina nazi, akimkaribisha. Spès akanyoosha mkono wa kushoto, mkono mmoja, na ndani yake ile sahani. Ilikuwa imeoshwa, na ilikuwa tupu.

"Kamata sahani yenu," alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Mi sitaki tena vitu vya Idi ku nyumba yangu. Apana nipitishia kitu tena."

Akageuka, akaenda zake. Vijana wa kona walipiga makofi, mmoja akampigia mluzi. Rénovat alicheka na kutazama chini.

Nilimpokonya mama sahani, nikataka kumfuata yule mwanamke nimrushie kisogoni, miaka yote ile ya makaa na chumvi. Mama alinishika gauni. Sikuwahi kuona uso wake namna ile. Aliichukua sahani, akaigeuza chini, akaigeuza juu, akakaa nayo kwenye kizingiti.

"Sijaona, funga geti," alisema. "Huyu mwanamuke, hata wiki ile alizika bwana yake, sahani yangu ilirudi na ndizi. Leo analeta tupu, na mukono wa kushoto, na mbele ya batoto wa kona. Apana matusi haya. Anatuambia tutoke. Tutoke mbele ya usiku."

Nikaelewa. Rénovat alikuwa anakula na kulala kwa mama yake. Yale waliyoyapanga kona, Spès aliyasikia mezani kwake. Walimngoja Khaled. Walijua usiku gani atalala wapi, maana sheria ya baba waliijua kama sisi. Na Spès, ambaye alichungwa na mwanawe mwenyewe, alitafuta njia ya kutuambia ambayo wao wangeiona wakashangilia.

Tulikubaliana haraka. Tutoke kama watu wanaokwenda kusalimia ndugu Buyenzi, bila mzigo. Magodoro yabaki juani, sufuria ibaki na kifuniko chake, ili nyumba ionekane inatungoja. Nilikwenda kubadili nguo. Mama aliniambia anakwenda uani kupunguza moto. Alikawia kidogo, akarudi akijipangusa mikono kwenye kanga, ametulia.

Pale kona Rénovat alituuliza tunakwenda wapi. Mama alisimama, akamuuliza hali, akamwambia tunakwenda kumchukua Khaled. Rénovat akatuambia tusichelewe, saa ya kutotembea watu wanapigwa risasi. Tulipita. Nilihisi macho yao mgongoni hadi tulipokata kona.

Khaled alibisha. Alikuwa ameshaoga na kuvaa kanzu, na akaanza kutaja sheria ya baba. Mama alimwambia baba aliweka sheria kwa watoto wazima, hakuwawekea maiti. Rafiki yake mmoja wa karakana akatupakia kwenye pikapu, tukashika njia ya Gatumba huku mvua ikianza. Askari walitusimamisha mara kwa mara. Kila mara mama alisalimia kwanza, akauliza habari za nyumbani kwao, nami nilikuwa nikihesabu pumzi. Tulivuka barieri ya mpaka ikiwa inakaribia kufungwa.

Upande wa pili, Khaled alishuka akatapika kando ya njia. Mama alimshika kichwa. Kisha akaniambia, kwa ule utulivu wake, kwamba angalau hakuachana vibaya na Spès.

"Sahani nimeirudisha," alisema.

Nilimuuliza ameirudisha vipi. Akanieleza kama mtu anayeeleza jambo jema. Alipokwenda uani alipakua pilau, akaijaza sahani, akaifunika kile kitambaa chake, akapita pengoni, akaiweka jikoni kwa Spès, juu ya jiko. Spès hakuwepo, alikuwa amekaa mbele ya nyumba vijana wamwone. Ataikuta mwenyewe akija kupika. Mtu amekuokolea mtoto, huwezi kumwacha hivihivi.

Nilimpigia mama kelele, kitu ambacho sikuwahi kufanya. Nilimwambia yule mwanamke amejivunjia heshima mbele ya mtaa mzima ili asijulikane, na mtu aliyekutukana getini hapelekewi pilau mlango wa nyuma. Atakayeiona sahani ile atajua kila kitu. Mama alinitazama bila kuelewa kwa nini nafoka siku ya Idi.

"Ni chakula tu," alisema. "Nani anakasirikia chakula?"

Nilitaka turudi. Khaled alitaka turudi. Lakini nyuma yetu askari walikuwa wameshashusha barieri na kuwasha taa, na mvua ilikuwa inanyesha upande wa Burundi wote.

Mwisho wa mwezi ule wakimbizi walimiminika Uvira, na miongoni mwao Daphrose, jirani ambaye nyumba yake ilipakana na ya Spès upande wa pili. Nilimkuta sokoni. Nilimvuta kando kabla mama hajamwona, nikamuuliza habari za Spès. Alikataa kusema, nikamshika mkono hadi akasema.

Jioni ile vijana waliingia kwetu. Walikuta magodoro yamelowa mvua na sufuria ingali na joto, wakatoka na hasira. Rénovat akaenda kwao kutafuta chakula. Kikulacho ki nguoni mwako; kitambaa kile alikijua tangu utoto, na harufu ya pilau ile angeijua hata usingizini. Akawaita wenzake. Walichuchumaa uani kwa Spès, wakala sahani yote kwa mikono, kimya, Daphrose anawaona kupitia ufa wa mabati. Walipomaliza walimwita mama mtu. Hakukana. Walitoka naye kuelekea mtoni Ntahangwa, na Rénovat alikuwa amemshika mkono kwa sababu ya matope, kama mtoto mwema anavyomshika mama yake kutoka kanisani. Walirudi bila yeye. Asubuhi Daphrose alipokwenda kuteka maji alimkuta Rénovat bombani, ameinama, anaosha ile sahani.

Nilimwapisha Daphrose asimwambie mama. Khaled nilimwambia, na tangu siku hiyo hagusi pilau.

Khaled yu hai, ana mke na watoto, na usiku wa Idi sote tunalala chumba kimoja hapa Uvira, tumebanana. Hilo najikumbusha kila ninapoanza kumkasirikia mama. Na bado namkasirikia. Ninamkasirikia zaidi kila Idi, anapomaliza kupakua na kukaa na ile hamu yake usoni, kwa sababu najua ataniuliza nini.

"Spès alikula ile pilau?"

"Alikula, mama."

"Ikiwa moto?"

"Ikiwa moto."

Huwa anaridhika hapo, anageukia wajukuu. Lakini mwaka huu hakugeuka. Alikuwa ameshika kitambaa kipya, anakidarizi ukingo kwa uzi wa buluu, macho yake karibu sana na sindano kwa sababu hayaoni vizuri siku hizi.

"Basi sahani itarudi," alisema. "Spès hakaaka na sahani ya mutu."