Tawi la Mbono na Shati Jeupe

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya chama chetu cha watembezi, na wenzangu wanatoa macho yao mmoja mmoja na kunikabidhi. Hapakuwa na damu wala kilio. Waliyatoa kama mtu anavyovua miwani, wakayatia kwenye bakuli langu la plastiki, lile ninalobebea mihogo ya kuchemsha.

Nikauliza kulikoni. Filimbi iliyoning'inia shingoni mwa Bi Mwantumu ikanijibu, bila haraka, kwamba kanuni ya kwanza ya chama inasema kiongozi ndiye macho ya msafara, na chama kimechoka kuwa na kanuni za maneno matupu. Nikaona ina haki. Nikafunika bakuli.

Hapa sina budi kueleza, maana mambo haya hayakuanzia ndotoni. Sisi watu wa Tanga hutembea Jumamosi za kipupwe, jua likiwa limepoa na vichaka vya pwani vikipitika. Kiongozi hutangulia. Mkia hufuata nyuma kabisa na filimbi yake, kuhakikisha hakuna aliyeachwa. Kila penye njia panda, kiongozi huvunja tawi akalilaza kwenye njia isiyo yetu, ili wa nyuma wajue imefungwa. Ndivyo tulivyofundishwa na wenyeji wa huko vijijini, na msafara mzima hutegemea hilo tawi.

Jumamosi ya majuma mawili yaliyopita kiongozi nilikuwa mimi, nimevaa shati jipya jeupe. Pale njia panda hakuna mti wa karibu ila mbono, na utomvu wa mbono ukigusa nguo nyeupe huacha doa la kahawia lisilotoka kwa sabuni yoyote. Nikalitazama tawi. Nikalitazama shati. Nikapita zangu.

Bi Mwantumu, muuguzi mstaafu, mkia wetu kwa miaka sita, alikuwa amesimama nyuma kutoa mwiba mguuni. Alipofika njia panda akashika njia ya mikokoni. Tulimpata baada ya muda wa saa tatu, amekumbatia mizizi, maji yakiwa yamempanda mpaka kiunoni. Watu wakauliza kuhusu tawi. Nikasema nililiweka. Akasema, kwa adabu zake, kwamba yeye hakuliona. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia kwa sauti ya huruma, "Labda macho, mama."

Akaniamini. Hilo ndilo linaloniua. Alikwenda kwa daktari, akaambiwa macho yake hayana kasoro, naye akaamua kwamba daktari yule bado mtoto, hajaijua kazi. Juzi alikuja kwangu na sahani ya visheti kuniomba radhi kwa usumbufu. Nilivila. Akaniambia kwamba leo asubuhi, kabla ya msafara kuondoka, atarudisha filimbi na kuacha kutembea kabisa.

Sasa turudi ndotoni.

Tuko njia panda. Hatukutembea kufika, njia ndiyo iliyotufuata, ikaingia sebuleni kwangu na mchanga wake, ikakata kona penye kabati la vyombo na kujigawa mara mbili. Nyuma yangu wamesimama watu arobaini wasio na macho, kila mmoja ameshika bega la mwenzake, wanangoja. Mke wangu Salha anapita katikati yao na ndoo ya maji, anawaambia samahani.

"Tawi liko wapi?" njia inaniuliza.

Najibu kwamba nililiweka, ila mbuzi wamelila.

Mbuzi anaingia. Anapangusa kwato mlangoni, anavuta kiti, anakaa. Anataka kujua tawi lenyewe lilikuwa la mti gani. Namwambia mbono.

"Sisi hatuli mbono, bwana," anasema. "Muulize mtu yeyote wa hapa."

Anaongeza kwamba hata hivyo Jumamosi ile walikuwa wamealikwa harusini, na kati yao wawili hawakurudi. Watu arobaini wanampa pole. Nami nampa pole. Anaaga na kuondoka, na sebule nzima inajua kwamba nimesema uongo wa pili, tena uongo wa mtu asiyejua hata mbuzi wa kwao wanakula nini.

Nasema basi, Bi Mwantumu hakuangalia vizuri.

"Macho yake unayo wewe," filimbi inasema. "Yavae uone."

Nafungua bakuli. Macho yake nayatambua mara moja, yamekaa pembeni ya mihogo, safi, hayamsumbui mtu. Nayavaa. Loo, yanaona. Naona siafu wakivuka mchanga hatua ishirini mbele. Naona njia mbili, zote nyeupe, zote wazi, hakuna jani wala kijiti. Kisha naona uso wangu mwenyewe unaniinamia, una huruma na heshima tele, unasema labda macho, mama. Ule ni uso wa kuaminika. Hata mimi ningeuamini. Nataka ardhi ipasuke nijifiche, lakini ardhi yenyewe ni njia, na njia inanitazama.

Natoa macho upesi, nayarudisha pembeni ya mihogo.

Bi Mwantumu anapapasa hewa mpaka ananipata mkono. Mkono wake ni wa baridi na una chumvi.

"Mwanangu Sengasu," ananiambia, "nilikosea wapi? Niambie tu, nami nijue."

Nafungua kinywa nimwambie. Kinywa kimejaa visheti. Natafuna, nameza, vinazidi. Wakati huo maji yameanza kuingia chini ya mlango, maji ya bahari, yanapanda polepole kama yanayojua kazi yake. Yanafika magotini. Watu arobaini hawasogei, maana kanuni ya mwisho inasema hakuna anayeondoka njia panda mpaka kiongozi aonyeshe njia. Nawatafunia visheti mbele yao na maji yanawapanda. Yanafika kiunoni mwa Bi Mwantumu, na bado amenishika mkono kwa upole, akingoja kuelezwa kosa lake.

Ndipo nikaona mbono umeota ubavuni mwa kabati. Nikanyoosha mkono.

"Angalia," shati likasema. "Mimi ni jipya."

Nikalijibu, kinywa kimejaa vile vile, kwamba najua. Nikavunja tawi. Utomvu ukatiririka, ukashuka kifundoni mwa mkono, ukaingia kwenye mkono wa shati, nalo likanuna. Nikauliza tawi nililaze wapi. Njia ikasema swali hilo si lake. Nikazitazama zote mbili. Moja ilitoka nje kuelekea kwa watu, nyingine ilirudi chumbani na kuishia kitandani kwangu, chini ya shuka. Nikalilaza tawi kwenye hiyo ya kitandani. Hapo nikaamka, kwa kuwa sikuwa tena na pa kurudi.

Ilikuwa saa kumi na mbili alfajiri, kijibaridi kimeingia dirishani. Salha akaniuliza nilikuwa nikitafuna nini usiku kucha. Nilikuwa nalitazama shati langu jeupe nyuma ya mlango, ambalo yeye mwenyewe alilipiga pasi jana jioni kwa ajili ya msafara wa leo. Kwenye mkono wa kulia palikuwa na doa la kahawia, dogo kama punje ya hindi. Nikaligusa. Lilinata.

Salha akaja, akalisugua kwa kucha, akaapa kwamba jana halikuwepo. Akafungua kabati anitolee shati lingine. Nikamwambia hapana, navaa hili hili.

Sasa nafunga viatu. Wenzangu wanakusanyika saa moja, na filimbi bado haijakabidhiwa. Wataniuliza doa limetoka wapi, nami nitawaambia wote, yeye akisikia. Na wa kwanza kuuliza namjua. Atakuwa Bi Mwantumu, maana ndiye atakayeliona tangu mbali.