Mayai ya Mama Kiini

Mimi sijisifu. Majirani walinifanyia kazi hiyo, nami sikuona sababu ya kuwazuia. Waliniita Mama Kiini kwa ajili ya mayai ya kuku wangu, ambayo ukiyapasua yalikuwa na kiini cha njano iliyokolea, kimesimama imara kwenye kikaango. Hata fundi viatu wa mtaa wetu, mtu anayeona kasoro kwenye viatu vipya, aliwahi kula yai langu akanyamaza. Kwake huko ni kupiga makofi.

Mwanangu wa pekee ni dereva wa malori ya masafa marefu. Alioa, akaniachia mke wake nyumbani tukae pamoja, naye akawa anarudi na kuondoka. Huyo mkamwana wangu ni mpole mpaka anaudhi. Ukimkanyaga yeye ndiye atakayekuomba radhi. Walikaa miaka sita bila mtoto, na miaka yote sita mimi nilikuwa nauma ulimi nisiulize. Siku aliponiambia kwamba ana ujauzito, nililia, nikacheka, kisha nikaingia jikoni nikakaanga mayai mawili.

Tangu siku hiyo ikawa sheria: mayai mawili kila asubuhi. Nilimwekea sahani mezani, nikavuta kigoda, nikakaa mbele yake mpaka amalize. Alikuwa anakula polepole, machozi yakimlengalenga. Mimi nikadhani ni ile hali ya ujauzito.

"Mama, leo moja si litatosha?" aliuliza mara moja tu, mwezi wa tatu.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," nilimjibu. "Kula, mwanangu. Mnakula wawili."

Akala. Hakuuliza tena.

Siri ya kuku wangu ilikuwa majivu. Kila mfugaji anajua kwamba kuku hupenda kuoga vumbi, na kwamba ukichanganya majivu kwenye vumbi hilo, viroboto na utitiri hukimbia. Wenzangu walitumia majivu ya mkaa. Mimi nilikuwa na majivu ya mdogo wangu.

Mdogo wangu huyo tunamwita Shaba, kwa sababu ya kazi yake. Ananunua nyaya kuukuu za umeme, anazichoma ili plastiki ya juu iungue, kisha anauza shaba iliyobaki ndani. Alikuwa anachomea nyuma ya nyumba yangu, kwenye pipa lililokatwa nusu, kila Alhamisi mchana. Moshi ulikuwa mweusi na unakera koo, lakini nilikuwa nafunga madirisha, na nguo sikufua Alhamisi. Moto ukizima, chini ya pipa yalibaki majivu laini kama poda. Niliyachota nikayamwaga kwenye shimo la kuku. Weee! Kuku walikuwa wanajigaragaza humo, wanachakura, wanadonoa, wanatoka manyoya yaking'aa. Hakuna kiroboto hata kimoja. Majirani waliniuliza dawa yangu ni ipi, nami kwa uchoyo wangu nikawaambia ni mkono tu. Leo namshukuru Mungu kwa uchoyo huo. Nisingekuwa mchoyo, mtaa mzima ungekuwa unaogesha kuku kwenye majivu ya Shaba.

Mimba ilipofika mwezi wa tano, akaja binti mmoja kutoka maabara. Alikuwa na miwani, glavu, na sanduku la barafu begani. Alisema wanakusanya mayai ya kuku wa kienyeji, sita kila nyumba, wakayapime. Nilimwuliza wanapima nini. Akasema wanataka kujua kilichomo ndani.

Sasa hapo, nyie, mtu mwenye akili zake angeuliza swali la pili. Lakini mtu anayeitwa Mama Kiini haulizi, anajua. Nikajua ni mashindano. Nilichagua mayai sita makubwa kuliko yote, nikayafuta moja moja kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikampangia kwenye sanduku lake kwa mikono yangu. Nilimwuliza matokeo yatatoka lini. Akasema yanapelekwa mbali, huenda miezi miwili. Nikamwambia sina haraka.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na haraka. Nilishaanza kufikiria nitavaa nini siku ya zawadi.

Miezi miwili ikapita na siku kadhaa. Binti akarudi, safari hii bila sanduku, amebeba karatasi. Mkamwana wangu alikuwa ameenda kliniki. Shaba alikuwa amekaa uani ananywa chai. Binti aliniamkia, akaketi, akatoa karatasi, na mimi macho yangu yakakimbilia kwenye orodha. Hakukuwa na majina, namba za nyumba tu, zimepangwa kutoka juu kwenda chini. Namba ya nyumba yangu ilikuwa juu kabisa.

"Mimi ni wa kwanza?" nikauliza.

"Ndiyo, mama, wewe ni wa kwanza, lakini..."

Hiyo lakini sikuisikia. Nilipiga vigelegele mpaka kuku wakaruka. Nilimshika Shaba mkono nikamzungusha, chai yake ikamwagika. Fundi viatu alichungulia ukutani kuuliza kulikoni, nikamwambia, "Wa kwanza! Mtaa mzima!" Naye akaitikia kwa kichwa, maana alishajua.

Yule binti alikuwa amesimama, karatasi mkononi, uso umemshuka. Alingoja nitulie. Kisha akasema taratibu, "Mama, naomba uketi. Orodha hii ni ya sumu. Mayai yako ndiyo yenye sumu nyingi kuliko yote."

Niliketi.

Alinieleza kwa lugha nyepesi, na nitamheshimu kwa hilo mpaka kufa. Plastiki ya nyaya ikichomwa hutoa sumu za aina yake. Hazionekani, hazina ladha, haziozi. Mvua haiziyeyushi na jua halizimalizi haraka. Zinakaa kwenye majivu na udongo miaka na miaka. Kuku akidonoa udongo huo, sumu inaingia kwenye mafuta yake, na kutoka kwenye mafuta inaingia kwenye kiini. Anayekula yai anaibeba yeye, na mwili wa mtu haujui kuitoa upesi.

"Nikilichemsha sana?" nikauliza.

"Haitoki, mama."

"Nikilikaanga mpaka likauke?"

"Haitoki."

"Inafanya nini kwa mtu?"

Alifuta miwani yake kabla ya kujibu. Alisema si sumu ya kuanguka leo. Inakwenda polepole. Inavuruga homoni, inapunguza kinga ya mwili, na wengine ikiwakaa sana huwaletea saratani. Si kila aliyekula ataumwa. Wanaohofiwa zaidi ni watoto walio bado tumboni, kwa sababu inapita kwa mama ikawafikia wakati mwili na ubongo ndiyo kwanza vinajengwa.

"Hapa nyumbani kuna mjamzito?" akauliza.

Shaba alinitazama. Mimi nilitazama ukuta.

"Yupo," nikasema.

Binti alipoondoka, akiwa ameahidi kurudi na wenzake kuchukua kuku na kupima udongo, nilimgeukia mdogo wangu.

"Wewe pipa lako leo linaondoka."

"Dada, subiri kwanza. Mimi navuta moshi huu mwaka wa tisa. Unaniona nimekufa?"

"Nakuona unakohoa tangu mwaka wa pili."

"Hiyo ni baridi."

"Baridi gani ya miaka saba, we mtoto wa mama yangu!"

Akanyanyuka, naye akapandisha sauti. "Sasa nikaibe? Moshi huu ndio ulionilisha. Na majivu nani alikutuma uyachote? Mimi nilikuwa nayatupa!"

Hilo lilinipata pale pale pa kuuma. Ni kweli alikuwa anayatupa. Mimi ndiye niliyemwambia kutupa kitu kizuri namna ile ni dhambi. Kikulacho ki nguoni mwako, wamesema, na mimi nilikuwa nimekishona kwenye pindo kwa mkono wangu.

Nilichukua ndoo ya maji nikaimwaga kwenye pipa, ingawa halikuwa na moto. Ilikuwa hasira tu. Shaba akauliza kwa sauti ndogo, "Na hao kuku, tusiwale hata supu?"

"Ukimgusa kuku mmoja nitakuchemsha wewe."

Ikabaki kumwambia mkamwana. Na hapa naomba msinihukumu haraka: sikumwambia. Siku ya kwanza nilisema kuku wamegoma kutaga. Siku ya pili nikasema nimepumzisha mayai, tule maharage, yanajenga. Alikula maharage yale kwa furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake, akaomba tena. Nilitamani ardhi inimeze. Nilikuwa namwogopa mtoto wa watu, mimi ambaye sijawahi kumwogopa hata mume wangu, Mungu amrehemu.

Siku ya nne walikuja watu wa maabara na mavazi meupe na barakoa. Wakawafunga kuku wangu kwenye mifuko, wakachimba udongo wa lile shimo, wakasema eneo lote la nyuma lisilimwe wala kufugiwa mpaka lifunikwe. Mkamwana alisimama mlangoni, mkono juu ya tumbo, anaangalia. Halafu akaniangalia mimi.

"Mama, kuna nini?"

Nikamwambia yote. Majivu, moshi, kiini, orodha, vigelegele. Sikujipunguzia hata kidogo. Nilimwambia na neno la yule binti, kwamba kilichoingia hakitoki kwa dawa, ila tunaweza kukomesha kuongeza.

Hakulia. Aliuliza, "Nimekula mangapi?"

Nilijua hesabu, kwa sababu nilikuwa najivunia. "Mia tatu na kumi."

Akaketi kwenye kigoda changu. "Mama, mimi mayai siyapendi. Sijayapenda hata moja. Tangu utotoni harufu yake inanitapisha."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilisema. Mwezi wa tatu." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo maana iliniumiza. "Nikajibiwa nitavunjika guu. Nawe ulikuwa umekaa hapo unanitazama, unafurahi. Ningekunyima vipi furaha hiyo?"

Nililia mimi. Alininyamazisha yeye, ndivyo alivyo, na hilo likanifanya nilie zaidi.

Miezi ile iliyobaki nilishinda na Shaba uani mbele, kila mmoja na kisu chake, tunachuna nyaya kwa mkono. Ni kazi ya kijinga. Waya mmoja unakumaliza asubuhi nzima, na vidole vinaota malengelenge. Shaba alilalamika kila siku na kila siku alikuja. Kikohozi chake kimepungua, japo akiulizwa anasema ni msimu. Nyuma ya nyumba pakamwagwa zege, pakawa peupe na pakavu. Majirani niliowagawia mayai niliwapitia nyumba kwa nyumba nikawaambia. Fundi viatu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Basi ndiyo maana lilininyamazisha." Sikujua nicheke au nimpige na kiatu chake.

Mtoto alizaliwa kliniki, mchana wa Jumatano, msichana, kilo tatu na ushei, ana sauti ya kupigania kiti bungeni. Vidole kumi, macho mawili, kila kitu mahali pake. Lakini nilishaelezwa kwamba mambo mengine hayaonekani siku ya kwanza, wala mwaka wa kwanza. Nilimtazama kwa furaha iliyotobolewa tundu.

Mkamwana alikuwa amekaa kitandani, mtoto mapajani analia njaa, naye hajafungua vifungo vya gauni. Aliniita.

"Mama, yule binti alisema inakaa kwenye mafuta. Maziwa nayo yana mafuta." Alimfunika mtoto miguu. "Nimnyonyeshe au nisimnyonyeshe? Nitafanya utakavyoniambia."

Miaka sitini nimekuwa na jibu la kila kitu. Nimewaambia watu nani wa kuoa, siku ya kupanda, dawa ya jino na dawa ya mume mlevi. Wote walikuwa wananingoja: mkamwana, Shaba mlangoni na kofia yake mkononi, na yule mdogo anayepiga kelele kuliko sisi sote.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Usifanye nitakavyosema mimi. Tumwite anayejua."

Shaba alikimbia. Akaja mkunga pamoja na daktari, nao walikuwa wamekwisha kuongea na binti wa maabara. Daktari alieleza bila kuzungukazunguka: ndiyo, kidogo kitapita kwenye maziwa, hawezi kumdanganya. Lakini faida ya maziwa ya mama kwa mtoto huyu ni kubwa kuliko hofu hiyo, na wao watamfuatilia akikua. Ushauri wake ni anyonyeshwe. Akaongeza kwamba mwenye kuamua ni mama yake.

Mkamwana hakunitazama safari hii. Alimtazama mtoto kwa muda, akafungua vifungo, akamweka kifuani. Kelele zikakatika mara moja. Nilisikia jinsi mtoto alivyokuwa akimeza, funda baada ya funda, kwa pupa, na kila funda nililihesabu moyoni kwa woga.

"Ananyonya vizuri," mkamwana alisema, wala hakuwa anauliza.

Nilifungua kinywa nimwambie ainue kichwa cha mtoto kidogo. Nikakifunga.