Wa Mwisho Kwenda Galula

Kabla hatujaanza kuteremka, Miriamu aliyetuuzia chai kule juu alisema simba wameonekana bondeni. Wamekamata ng'ombe wa Ngassa, yule Msukuma aliyehamia huko na mifugo yake. Mchana kweupe, wachungaji wakitazama.

"Msiachane," alisema.

Tulikuwa wanne: Zabron aliyejua njia, Jairo, Yonasi na mimi. Kila mmoja na gunia la maharage kwenye keria, tunawapelekea wachimba dhahabu wa Galula. Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Mimi nilishapita hamsini, na baiskeli yangu, Foniksi ya kuungaunga, ilishafika umri wa kuolewa.

"Mzee, simba akija atakukuta wewe kwanza," Jairo alisema. "Sisi utatupa nafasi."

"Nyama yenyewe ngumu," Yonasi akadakia. "Atamtema."

Nilicheka nao.

Mteremko ule breki haziuwezi. Watu wa kule hukata tawi kubwa la mti, wakalifunga nyuma ya keria, likaburuzwa na kuzuia mwendo. Na mimi nilifunga langu. Lakini kwenye kona ya kwanza tu baiskeli ilinivuta, nikaona korongo mbele ya tairi, nikaruka chini. Toka hapo niliteremka kwa miguu, nimeshika usukani kama mtu anayezuia dume la ng'ombe.

Zabron aligeuka mara moja. "Baba, huko chini kuna njia panda. Njia isiyo yetu tutaifunga kwa tawi. Wewe fuata iliyo wazi."

"Nisubirini."

"Tutakusubiri mtoni."

Nilipofika chini jua lilikuwa limeinama. Njia ya kulia ilikuwa imelaliwa na matawi makubwa, yamerundikana hasa. Ya kushoto wazi, nyeupe. Nikasema moyoni, wamenifungia vizuri hawa watoto. Nikapanda, nikaenda kushoto.

Matawi yale yalikuwa breki zao. Walipofika tambarare walikata kamba, wakayaacha papo hapo kwenye njia yetu. Kitawi cha alama walikiweka kushoto kama walivyosema, ila ng'ombe waliopita walikila, na kwato zikafuta alama za matairi. Hayo nilikuja kuambiwa baadaye. Wakati ule nilijua tu kwamba njia inazidi kuwa nyembamba, nyasi zinazidi kurefuka, na mtu hakuna.

Nilinusa kabla sijaona. Ng'ombe, au kilichobaki: mbavu, na ngozi imevutwa kando. Kwenye vumbi, nyayo. Nikaweka kiganja juu ya unyayo mmoja, ukanizidi pande zote.

Nilitaka kuita, nikaogopa kuita. Nipige kengele? Ng'ombe wa Ngassa nao huvaa kengele. Nikageuza baiskeli polepole, kwa adabu, kama mtu anayeondoka kwenye msiba wa watu asiowajua. Nyasi za upande wa pili zikatikisika, na upepo haukuwepo. Nikikimbia nimekwisha, hilo nililijua, lakini miguu ilitaka kukimbia, ikabidi niibembeleze: huu, haya, na huu. Nikigeuka sioni kitu. Nikitazama mbele nasikia kitu.

"Baba!"

Zabron alikuwa amesimama kwenye lile rundo la matawi, panga mkononi, uso wa majivu. Jairo na Yonasi walikuwa nyuma yake, hawakushuka hata kwenye baiskeli.

"Umetoka wapi?"

"Mlikoniachia wazi." Nikamwonyesha rundo. Akaliangalia, akaweka mkono kichwani.

"Umeona nini?"

"Nimeona walichokula. Na nyasi zimenifuata."

Zabron alinitanguliza mimi, kisha Jairo, kisha Yonasi, yeye mwisho. Njia ilikuwa ya mtu mmoja, kwa hiyo wote walikwenda mwendo wangu.

"Kaza, mzee," Jairo alinong'ona. "Shikamoo, mzee, kaza."

Nilikaza mpaka kifua kikawaka. Zabron alikuwa akiita kutoka nyuma, "Nipo!" Tunaitika. Mara akanyamaza.

"Zabron?" niliita.

"Usisimame!" Yonasi alipiga kelele. "Mzee, usisimame!"

Mimi nilikuwa nimetoka kuwa wa mwisho muda si mrefu. Nikashuka, nikailaza baiskeli na gunia lake kukingama njia, pasiwe na pa kupita. Jairo akanigonga na tairi, akanitukania mama. Nikakaa juu ya gunia.

"Hatuendi mpaka aitike."

Hakuitika. Alitokea kwenye kona kwa miguu, anatembea kinyumenyume, panga mbele yake, baiskeli hana.

"Nimewasikia," alisema alipotufikia. "Nimeogopa kujibu. Mnyororo ulikatika. Mnyama yupo, amelala kando ya baiskeli yangu, alikuwa ananiangalia."

Nikaiinua baiskeli, nikafungua kamba. Gunia langu likaanguka kwenye nyasi, Zabron akapanda kwenye keria mahali pake. Nikakanyaga pedeli nikisikia pumzi zake mgongoni. Nyuma yetu Jairo, na nyuma kabisa Yonasi, wa mwisho sasa, alianza kutuita kwa majina, mmoja mmoja, kwa sauti ya mtoto.