Kila Baada ya Saa Tatu

"Rudia hapo pa mwisho," mwalimu alisema. Kijana waliyemwita Wakili kwa jinsi alivyopenda ubishi akaisoma upya ripoti ya msimamizi wa kiwanda cha nguo, iliyoandikwa miaka sabini iliyopita.

"'Wanawake hawa ni wavivu. Hutoka nje kila baada ya saa tatu, hata wakikatwa ujira.'"

Viti vilipangwa duara. Mwalimu huyu wa historia hakuhutubia. Alileta karatasi za kale, akakaa, akawaachia wanafunzi wazungumze. Katika duara hilo fundi cherehani wa miaka arobaini na saba, mkubwa kuliko wote, mwalimu akiwemo, alikuwa amekaa wiki saba bila kufungua kinywa. Wenzake walimwita Shangazi, wakakizoea kimya chake. Mwalimu hakukizoea. Wiki iliyopita alimwita pembeni.

"Mama, insha zako ni nzuri. Lakini somo hili ni la mazungumzo. Usiposema, sitaweza kukufaulisha."

Tangu siku hiyo fundi alishona huku akijizoeza kusema kwa sauti, mpaka mteja mmoja akamwuliza anagombana na nani.

"Huo ni mgomo," Wakili alisema. "Walipanga saa ili kumkomoa mwajiri."

"Au walichoka tu," msichana mmoja akadakia. "Ushahidi uko wapi?"

Fundi aliukazia macho ule mstari. Kila baada ya saa tatu. Alikumbuka karakana ya sare za shule, mwanawe wa kwanza akiwa na miezi miwili, ameachwa kwa jirani. Ikifika saa nne asubuhi, blauzi imeshaanza kulowa. Alikuwa akikunja kitambaa, anakipachika kifuani, anaendelea kukanyaga cherehani.

"Maziwa," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Wakili alikuwa ameshaanza hoja nyingine; akaikatiza. "Umesemaje, Shangazi?"

"Walikuwa wananyonyesha." Aliuwekea ule mstari kidole. "Maziwa hayangoji ruhusa. Yakijaa, kifua kinakuwa jiwe, na nguo unayoshona inaingia doa. Hao walithubutu kutoka. Mimi niliogopa. Nilikuwa nayakamua chooni, yanakwenda na maji, na mwanangu analia mtaa wa pili."

Mwalimu alikuwa ameshika kalamu, haandiki.

"Lakini ripoti haisemi hivyo," Wakili alisema, safari hii taratibu, kama anayeomba.

"Itasemaje? Aliyeiandika alisimama mlangoni, akahesabu migongo. Hakugeuka kuona walikokuwa wanakwenda."

Mtu alicheka kidogo, kicheko kisicho na ubaya. Wakili aliikuna shingo yake, akaitazama karatasi kana kwamba ameipokea sasa hivi.

"Basi watoto walikuwa wapi? Nani alikuwa amewashika?"

Fundi, aliyekaa upande wa dirishani, aliivuta karatasi yake karibu.

"Sijui, mwanangu. Tuangalie."

Kengele ililia. Wanafunzi wa somo lililofuata walikwishajaa mlangoni na mabegi yao, wakichungulia. Ndani, viti vilianza kuburutwa, lakini havikuelekea nje. Vilisogea kimoja baada ya kingine upande wa dirishani, mpaka duara likavunjika na vichwa vikainamia karatasi moja, kidole cha fundi kikitangulia, polepole, mstari kwa mstari.