Sahihi Pembeni mwa Mchoro

Darasani mwa Mwalimu Ndinda hakuna mihadhara. Wanafunzi huleta michoro ya majengo wanamoishi na kusaka makosa wenyewe, naye hafungui mdomo mpaka wakubaliane. Sheria hiyo aliitunga yeye, tena kwa majigambo.

Leo Kavumbi alitandaza mchoro wa ghorofa lao la mtaani Tudor. Upesi Ndinda akaweka kidole gumba pembeni, juu ya sahihi yake mwenyewe ya miaka tisa iliyopita.

"Nondo za zege la roshani zimewekwa chini," alisema Caroline. "Zilipaswa kuwa juu. Hii itakatika."

Darasa zima likakubali.

"Mamangu huanika nguo hapo kila asubuhi," alisema Kavumbi. "Mwalimu, nani alipitisha mchoro huu?"

Ndinda akainua kidole gumba kutoka juu ya sahihi.