Dada Aliyeshika Taa ya Mchonga Medali

Ninalala kwa heshima zote, saa tisa alasiri, nyuma ya bweni kwenye karo za kufulia, shavu juu ya kipande cha sabuni ya mche, mimi Ambakisye wa kidato cha tatu, ninayetegemewa na shule nzima kwa mambo yasiyo na faida. Ndani ya sabuni nimechimba uso wa Mama Sekela, mpishi wetu, nikamwongezea pua ya kuwatosha watu watatu, ili kesho kwenye mahafali nimimine humo nta ya mshumaa na kumvisha medali yake mbele ya wazazi. Shavu linazama, kisha sikio, kisha mimi mzima ninapita kwenye tundu la pua ile, na nisingeichimba kubwa hivyo nisingepita. Ng'ambo kuna barabara ya chuma inayojizungusha, kila nikifika mwisho wake nakuta mwanzo wake unanisubiri, na kando yake mji wa Kijerumani wenye mapaa yaliyochongoka, lakini kila kitu ni kinyume: saa ya mnara inarudi nyuma, na vibaraza vimebonyea ndani badala ya kutokeza. Mwanamke anakuja na taa ya mafuta. Chini ya kitambaa chake cha kichwa hakuna uso, ni bapa tu kama sahani iliyooshwa. Shikamoo, namwambia, maana nimelelewa. Marahaba, anajibu, sijui kwa mdomo upi. Tunakwenda wapi, dada? Kwa mtu aliyewapa uso watu wote, akamsahau aliyemshikia taa. Na taa aliishika nani? Uliza mkono wangu.

Tunatembea katikati ya maisha ya mtu huyo, yametundikwa ukutani njia nzima. Hapa ni Lebrecht mtoto, mwana wa mwoka mikate, anamchora nguruwe wa jirani kwa mkaa kwenye mlango wa jirani, na anachapwa, na mimi napata ndugu. Hapa ni kijana, katika picha anawapaka mabwana wakubwa mashavu mekundu kuliko waliyonayo, nao wanasifu alivyowapatia. Hapa ni majira ya baridi, wateja hawaji, anaweka brashi chini na kushika patasi nyembamba, anajifunza kuchonga muhuri wa chuma unaopigiwa medali. Medali huzaliwa kinyume, dada ananiambia, pua utakayoiona imeinuka yeye huichimba shimo. Nasema hiyo naijua, nimetoka shimoni sasa hivi. Kisha wanapita mameya, maaskofu, farasi mmoja mwenye maringo, na pembeni mwa kila picha kuna mkono wenye taa, mkono tu.

Karakana iko mwisho wa barabara, yaani mwanzoni. Fundi Lebrecht, mzee mwenye miwani minene, hanyanyui kichwa. Shikamoo, fundi. Funga mlango, kijana, tanuri linapoa. Hiki ni kipande changu cha mwisho. Macho yangu yalipopungua dada yangu Ottilie alinishikia taa mpaka alipofariki, na tanuri likizimika kabla hajapata uso, atabaki akiongoza wageni milele. Naangalia chuma, naliona kosa: ameliinua shavu, ameinua nywele. Fundi, nasema, hapa unachora picha, huchongi muhuri. Ukipigia medali, dada atatoka shimo. Anakigusa kwa kidole. Kwa mameya sikuwahi kukosea hivi, anasema. Kwa mameya hukuwa ukilia, namwambia. Basi kigeuze, upande wa pili ni mzima. Anakigeuza, lakini patasi haishuki. Simkumbuki, ananong'ona, mwanga ulikuwa kwenye kazi siku zote, yeye alikuwa nyuma yangu gizani. Namgeukia Ottilie. Dada, nipe taa, leo nashika mimi. Vidole vyake vinagoma, kisha vinaachia, nami nammulika yeye. Kwenye lile bapa kinaanguka kivuli cha shavu, kisha cha kidevu, na fundi anachimba, anatazama, anachimba. Anataka nta ya kujaribia. Nina tonge la ugali wa mchana mfukoni, nililoliweka nimtupie mtu kisogoni. Tunaligandamiza, tunalibandua: mwanamke, pua imepinda kidogo, yuko karibu kucheka. Ndiyo hiyo, anasema Ottilie kwa mdomo wake mwenyewe, ulinibamiza na mlango ukiwa na miaka minne. Umekonda, Lebrecht. Umekula? Mzee anaishika mikono yake yote miwili, anasema asante, asante, kisha anakitia chuma tanurini, kinatoka, kinazamishwa majini, hakipasuki. Mlangoni Ottilie ananigeukia. Na wewe, nani anakushikia taa? Kwetu kuna umeme wa jua, dada, nasema, na hapo hapo nakumbuka homa iliyonilaza bwenini, na kikombe cha uji kutoka jikoni, na mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda changu mpaka nikakimaliza.

We Amba! Umelala juani kama kinyonga, umekula? Mama Sekela ananitikisa. Sabuni iko chini ya shavu langu, na pua ndani yake ni ndogo, ni yake kabisa, nami sikumbuki kuipunguza. Haina tena tundu la kumpitisha mtu. Anachomoa tonge mfukoni mwangu, anaona uso. Huyu nani? Dada wa fundi mmoja, mama. Anafanana na mtu mwema, anasema, na wewe, kwa kuchezea ugali, kesho utanioshea sufuria jikoni. Vidole vyangu ni vyeusi, vumbi la chuma au masizi. Sijui nimetokea upande upi. Namwomba asogee kidogo, jua limwangukie usoni, nami namtazama vizuri, maana medali ni kesho, na hii sasa ni ya kweli.