Maua Mekundu ya Ouma Siena

Mwaka ambao trekta ilipindua bonde la maua mekundu ili ipandwe ngano, Ouma Siena, yaani Bibi Siena, aliokota mbegu chache alizoweza, akazipanda kwenye udongo mzito nyuma ya nyumba na kuzungushia waya. Mvua ya Mei iliponyesha, yalitoka majani membamba kama uzi. Kiangazi yakanyauka. Mwaka uliofuata vivyo hivyo, na mwingine tena, huku chini ya udongo mizizi yake ya mviringo kama vitunguu ikinenepa polepole. Mwaka wa tano, mwezi wa Agosti, yakachanua maua kumi na moja.

Drieka, mke wa marehemu mwanawe, alimkuta kikongwe huyo amekalia ndoo iliyopinduliwa, akisubiri jua lipande ili maua yafunguke.

"Usichume hata moja," Ouma alimwonya. "Oktoba yakikauka nataka mbegu. Nitapanda mpaka kanisani."

"Nani achume, Ouma? Mimi hata kupumua karibu yake naogopa."

Lakini Septemba mvua iligoma. Mbuzi wa Drieka alizaa mapacha, maziwa yakakataa, na mapacha hao wakashinda wakilia njaa. Siku Ouma alipokwenda kliniki, Drieka alitazama yale majani mabichi ndani ya uzio. Kwingine kote kulikuwa vumbi. Akafungua waya. Alijiambia atasimama palepale, mbuzi ale majani ya pembeni tu. Kisha mtoto mmoja wa mbuzi akaanguka uani, Drieka akaenda kumwinua. Aliporudi, maua yote yalikuwa yameliwa, na mbegu zake zikiwa bado changa.

Jioni Ouma alirudi, akashika waya.

"Mbuzi wa nani?"

Ng'ambo ya njia jirani yao Gert Klaase, mzee ambaye Drieka alimwita Oom, yaani mjomba, alikuwa akirudisha kundi lake la mbuzi.

"Nadhani wa Oom Gert," alisema Drieka.

Gert na Ouma walikuwa wameimba kwaya miaka thelathini, wakishika kitabu kimoja. Jumapili ile Ouma akahama benchi. Gert alikuja mlangoni, kofia mkononi.

"Ouma, siku hiyo mbuzi wangu walikuwa mlimani."

"Kumbe na uongo unaujua! Basi maji ya tangi langu usije kuteka tena."

Drieka alikuwa jikoni akikanda mkate. Alisikia kila neno, akaendelea kukanda.

Kiangazi kizima alimwona Gert, mzee wa goti bovu, akisukuma toroli la madumu kutoka kisima cha mbali. Mapacha wa mbuzi walikua, wakawa wanarukaruka uani. Drieka hakuweza kuwatazama. Mwezi wa Machi akamfuata Gert njiani.

"Oom, ni mbuzi wangu. Mimi ndiye niliyefungua waya."

Gert aliweka toroli chini. "Najua. Nilimwona mbuzi wako akitoka uzioni."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani angeniamini? Wewe ndiye unayempikia Ouma. Mimi usiniambie, mwambie yeye."

Drieka alimwambia Ouma siku hiyohiyo, amesimama, mikono ndani ya aproni. Ouma aliweka kikombe mezani.

"Ya maua ningekusamehe kabla chai haijapoa. Wale mapacha walikuwa na njaa, na mimi si jiwe. Lakini Gert, Drieka? Nimemnyima maji mtu wa watu."

Akachukua fimbo yake.

"Nikusindikize, Ouma?"

"Kaa."

Ouma na Gert hawakumaliza yao siku moja. Gert alianza tena kuteka maji tangini, ingawa benchini walikaa wiki kadhaa na nafasi katikati. Mei majani yalitoka, maana mizizi ya chini haikuwa imeguswa, na Agosti yakachanua maua tisa. Uzio Ouma alimkabidhi Gert aulinde.

Oktoba wazee wawili waliinama kule nyuma wakikung'utia mbegu kwenye sahani ya bati, wakibishana na kucheka. Hakuna aliyemkataza Drieka kwenda. Alisimama dirishani na kitambaa cha vyombo mkononi, asitoke.